Kabla Hujatoboa, Wajina

Kirumba, Mwanza
Jumapili usiku

Wajina wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Kirumba. Sisi hatujambo. Shemeji yako anakusalimu na anakukumbusha dagaa wakavu uliomwahidi. Natumaini mama na watoto hapo Nansio wazima, na ule mtumbwi mliokuwa mnauziba umeshaingia majini.

Dhumuni hasa la barua hii ni hilo gombo la karatasi za manila lililokuja nayo. Usilikunjue kwanza, soma hadi mwisho. Uliponipigia simu ulisema ubao umeupata, vitufe vimefika, unataka nikutajie vipimo vya paneli, ule ubao wa vitufe na joistiki wa kabati la gemu unalomtengenezea binti yako, ili kesho yake utoboe. Sikukutajia, na nilisikia sauti yako ikibadilika. Sikuwa nakunyima. Kabati la gemu unaweza kulirekebisha karibu kila mahali: kioo kikiinama vibaya utakiinua, spika utahamisha, rangi utapaka upya. Paneli ukishaitoboa imetoboka, na mikono ya watoto itakaa hapo hapo ulipotoboa maisha yote ya kabati. Mimi nimetoboa mbili mbaya kabla ya hii iliyokaa sawa.

Ya kwanza niliipanga ipendeze. Joistiki ya kushoto, yaani ule mti wa kuongozea gemu, niliielekeza nje kidogo, na ya kulia nje kwa upande wake, kama mbawa za furukombe akiwa angani, na vitufe vikafuata mlalo huo huo. Ilipendeza kweli. Watoto wa mtaani walipoanza kucheza nikaona kitu ambacho sikukitegemea: mtoto anasukuma mbele, na yule wa kwenye kioo anakwenda mshazari. Mchezaji haitazami paneli, anatazama kioo, na kwake juu ni kule kioo kiliko. Ukiigeuza joistiki hata kidogo, juu ya mkono na juu ya macho vinaachana. Kulikuwa na kijana wa jirani, miaka tisa, aliyekuwa anaupinda mwili mzima ili alingane na joistiki. Nilipomwona hivyo nilizima mashine, na usiku ule ule nikaifungua paneli.

Basi hilo liwe la kwanza kwako: joistiki zote mbili zikae sambamba na kioo, hata kama paneli itaonekana ya kawaida.

Ya pili niliipima kwa kabati badala ya kuipima kwa watu. Kabati lilikuwa na upana wa sentimita 55, nikaona paneli nayo iwe 55. Watu wazima wawili wakisimama, mabega yanagongana, na wa kulia anacheza viwiko vikiwa vimembana mbavuni. Sasa paneli yangu ina sentimita 80, imezidi kabati huku na huku, na toka joistiki hadi joistiki ni sentimita 40. Usiogope ikitokeza nje.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Unakumbuka ulivyonionyesha namna unavyochonga kafi? Hukuchukua futi. Ulimwita mwenyewe atakayelipiga, ukamsimamisha, ukamwambia akamate, ukatia alama mkono ulipoangukia. Nikajiuliza kwa nini nahangaika na rula wakati wenye mikono wanapita mlangoni kwangu kila jioni.

Nikachukua boksi kubwa la friji, nikalikata kwa upana wa paneli, nikaliweka mezani kwa urefu utakaokuwa. Kila aliyekuja nilimpaka chaki vidoleni, nikamwambia afumbe macho, aushike mti wa mwiko niliousimika kama joistiki, halafu aushushe mkono wa kulia bila kufikiri. Walipita kumi na wanne, kuanzia watoto hadi fundi baiskeli wa jirani mwenye mikono mipana. Hakuna hata mmoja aliyeacha alama za vidole katika mstari ulionyooka. Kidole cha shahada kinaangukia chini, cha kati kinakwenda juu, cha pete kinashuka kidogo sana. Paneli zangu mbili za mwanzo zilikuwa na vitufe vilivyonyooka kama askari gwaride, ndiyo maana watu walikuwa wanalalamika kifundo cha mkono.

Baada ya chaki nikabandika vizibo vya soda juu ya zile alama. Kizibo cha soda kinakaribiana sana na kitufe cha milimita 30, kwa hiyo mkono unapata hisia yenyewe bila kutoboa chochote. Nikawaacha wabonyeze vizibo huku wanatazama ukutani. Palipowasumbua nilibandua, nikasogeza. Siku tatu, Wajina, na sijapoteza hata ubao mmoja.

Utakachokiona kwenye manila ndicho kilichotoka hapo: vitufe sita kwa kila mchezaji, mistari miwili ya vitatu. Kutoka kati ya kitufe hadi kati ya jirani yake ni milimita 36, na safu ya kwanza, ile ya kidole cha shahada, imeshuka chini ya nyingine kwa milimita 18. Kutoka joistiki hadi kitufe cha kwanza ni sentimita 9. Kwa nini sita? Kwa sababu ya Street Fighter II, gemu ya mapigano ya mwaka 1991. Mstari wa juu ni ngumi, wa chini ni mateke, na kila mstari unaanza na dhaifu kushoto na kuishia na nzito kulia. Mortal Kombat, nyingine ya mapigano ya 1992, ilikuja na vitano, cha kujikinga kikiwa katikati ya vingine vinne, nami nilishawishika kuongeza cha saba kwa ajili yake. Nikaacha. Vitufe vikizidi, mtoto mgeni anasimama mbele ya kabati akiogopa kugusa.

Kwa gemu za zamani kama Pac-Man ya 1980 utapata tatizo jingine. Ile ilitengenezwa kwa joistiki ya pande nne tu. Ukiichezea ya pande nane, kila kona mkono unateleza mshazari na unakamatwa na mzimu bila kosa. Angalia chini ya joistiki zako: baadhi zina bamba la plastiki linalogeuzwa ili zikubali pande nne tu. Kama zako zinalo, acha nafasi ya kulifikia bila kufungua paneli nzima.

Ubao wako ni wa milimita 18, sivyo? Joistiki ukiifunga chini yake moja kwa moja, mti utatokeza mfupi mno, na vidole vitakuwa vinakwaruza ubao. Chimba kwa patasi upande wa chini, hapo tu inapokaa, ubakize kama milimita 6. Wewe patasi ni mkono wako wa tatu, sina wasiwasi. Vitufe navyo hakikisha ni vile vyenye shingo ndefu na nati yake, maana vile vya kubana vimekusudiwa bamba jembamba la chuma.

Ukingo wa mbele uuviringe kwa randa kisha msasa, na uache walau sentimita 8 kati ya mstari wa chini wa vitufe na ukingo, kifundo kipate pa kupumzika. Vitufe vya kuanzisha mchezo weka vidogo, vya milimita 24, juu kabisa karibu na kioo. Mimi niliviweka chini, kiganja kikawa kinavigonga katikati ya pambano. Cha kutokea kwenye gemu kifiche chini ya paneli. Nyaya hazina maneno mengi: mguu mmoja wa kila swichi unaungana na wenzake kwenye waya mmoja wa pamoja, mwingine unakwenda kwenye enkoda, kile kibao kidogo kinachopeleka mibonyezo kwenye mashine. Funga paneli kwa bawaba ifunguke kama sanduku, utanishukuru.

Sasa nakuja kwa binti yako. Ulisema anaandika kwa kushoto na kwamba hiyo haina neno, kwa kuwa joistiki iko kushoto. Huenda ni kweli. Wapo wa kushoto wanaoshika joistiki kwa kushoto kwa raha kabisa. Lakini wapo wanaotaka mkono wao mwepesi uwe kwenye vitufe. Kabati la Pac-Man lilikuwa na joistiki moja katikati, kila mtu akaja na mkono wake, na kwangu mimi huo ulikuwa uungwana mkubwa. Kabati hili unalitengeneza kwa ajili yake, kwa hiyo usimpime kwa mikono ya watoto wa Kirumba.

Ndani ya gombo kuna karatasi mbili. Iliyochorwa ni ya upande wa mchezaji wa kwanza, itumie kama ilivyo. Nyingine ni tupu. Mpake chaki, mfumbe macho, mpe mti wa mwiko kwanza mkono wa kushoto, halafu wa kulia, na utie alama zote mbili kwa rangi tofauti. Irudishe na meli ya Jumamosi, umpe yule kijana wa mizigo anayenijua. Nitaichora usiku huo huo na kukurudishia. Hadi hapo keekee ibaki sandukuni.

Msalimie mama.

Wajina wako