Binamu, dakika tano mara sita

Binamu,

Mdogo wako amenionyesha ujumbe wako. Hakutaka, nilimbana. Umeandika kwamba mchango wako wa harusi yake utautuma moja kwa moja kwa mwenye ukumbi, usipitie kwa mweka hazina, kwa kuwa mweka hazina "ni mtu wa kuchelewa, waulizeni waliokuwepo 2009." Mweka hazina ni mimi. Kamati ina watu kumi na wanne, na sasa wote wanaulizana 2009 kulikuwa na nini.

Haya. Nakujibu hapa hapa, mbele za watu, kwa sababu kule kwenye grupu la familia nikiandika salamu tu unapotea wiki nzima.

Kwanza hongera ya kijana. Nimeiona picha yake na jezi ya shule. Ile mikono ni ya mjomba mtupu, inataka kufika magotini. Nina neno moja la ushauri, ulipokee au ulitupe: ukienda kumtazama akicheza, usimfokee kutoka jukwaani, na usimpigie mtu simu. Kaa utazame. Simu na kikapu haviendi pamoja. Tunalijua hilo mimi na wewe, ila anayelilipia ni mmoja.

Unazikumbuka zile bahasha? Kila aliyekuja likizo kutoka kwenu alikuwa na bahasha yangu, kurasa za michezo za Hartford Courant, gazeti la huko kwenu Connecticut, Marekani, ulizozikata kwa mkasi, pembeni umeandika kwa kalamu nyekundu, "Soma hapa!" Mimi huku nanunua gazeti pale kituoni Magomeni, kurasa zote Simba na Yanga, nani kasajiliwa, nani kagoma, na kikapu kimesukumwa pembeni kama mtoto wa kufikia. Halafu nafungua bahasha yako namkuta Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar anayechezea chuo kikuu cha Connecticut, futi 7 na inchi 3, amejaa ukurasa mzima. Mtu aliyeanza kucheza akiwa na miaka kumi na mitano hivi, leo ndiye mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo ya huko, 2008 na tena 2009. Nilizibandika ukutani mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama ni ndugu yangu. Nikamwambia ndiyo. Akanipunguzia maneno kuhusu kodi mwezi mzima.

Sasa tuje kwenye Ijumaa ile.

Kwenu ilikuwa bado Alhamisi usiku, tarehe 12 Machi. Robo fainali ya Big East, ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Connecticut yetu na Syracuse. Huku ilikuwa inaelekea saa kumi na moja alfajiri ulipopiga. Ulikuwa umenunua zile kadi za simu za dola tano za kukwangua, na mpango wako ulikuwa ule ule: simu unaiweka karibu na televisheni, mwenyewe unatangaza kuliko mtangazaji. Mimi nimekaa kitandani, Nokia sikioni, chaja ukutani, nguo za kutokea nimeshavaa, kwa sababu saa kumi na mbili na nusu nilitakiwa niwe kwa mjomba nimpeleke kliniki. Nilikwambia. Naomba hapo usome mara mbili, binamu: nilikwambia. Ukasema, "Mechi dakika arobaini tu, utawahi. Na mzee mwenyewe chai yake haiishi."

Dakika arobaini za mpira wa vyuo, vipindi viwili vya ishirini, ukiziweka kwenye saa ya ukutani ni saa mbili. Wewe ulijua. Na mimi nilijua, sawa.

Kengele ya mwisho inalia, Devendorf wa Syracuse anatupa ya pointi tatu, inaingia. Ukapiga ukelele simu ikakwaruza. "Tumekwisha!" Kisha kimya, waamuzi wanarudia picha. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, saa kumi na mbili na nusu imeshapita. Nilikuwa nakusikia unavyohema. Halafu: "Wamelifuta! Mpira ulikuwa bado mkononi mwake!" 71 kwa 71. Dakika tano za nyongeza.

"Dakika tano tu, binamu. Usikate."

Sikukata. Yule mama wa kwenye kadi akaingia na upole wake kusema imebaki dakika moja, ukakwangua nyingine, ukapiga tena. Jua limeshachomoza, majirani wanachota maji. Nyongeza ya pili. "Dakika tano tu." Ya tatu. Na kilichoniponza ni kwamba Syracuse hawakuwa wanaongoza. Nyongeza zote tano za mwanzo wao walikuwa watu wa kufukuza tu, wanafukuza, wanasawazisha, na kila mara najiambia hii tunamaliza, navaa kiatu, naondoka na ushindi wangu mfukoni. Ingekuwa tunafungwa ningeondoka ile ya kwanza. Ndivyo nilivyo, unanijua. Wachezaji wanatolewa kwa faulo ya tano mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaingia vijana ambao hata wewe ulikuwa unawaita kwa namba za jezi. Jonny Flynn wao alicheza dakika 67 kati ya 70. Syracuse walipoongoza kwa mara ya kwanza tangu nyongeza zianze ilikuwa kwenye ile ya sita, na hapo hawakurudi nyuma tena. 127 kwa 117. Kwangu ni saa mbili na dakika ishirini na kitu asubuhi. Ukasema, "Yaani binamu..." kadi ikaisha.

(Kesho yake wale wale Syracuse wakaenda nyongeza tena na West Virginia, wakashinda. Sijui walikuwa wanakula nini.)

Mjomba nilimkuta barazani, shati la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa, faili kwenye mfuko wa plastiki magotini. Kliniki tulikuta namba zimekwisha. Daktari yule alikuwa anakaa Ijumaa tu. Tukaambiwa wiki ijayo.

Wiki iliyofuata nilikuwa mlangoni kwake kabla ya adhana. Na daktari nilimuuliza, tukiwa wawili tu, kama wiki ile ingebadilisha kitu. Akasema kwa hali ya figo zake, hapana. Naandika haya kwa sababu miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza kama nilimuuliza. Kuanzia hapo mpaka Oktoba nani alikuwa anampeleka? Nani alikuwa anakaa kwenye lile benchi? Wewe ulituma dola, na dola zilisaidia, sikatai. Lakini dola haimshiki mtu mkono kushuka kwenye daladala.

Kisha ukaja msibani. Siku ya tatu, baada ya hitma, wazee wako mkekani, kahawa inazunguka, ukauliza kwa ile sauti ya mtu aliyetoka mbali: "Nataka kujua tu, Baba aliikosaje ile kliniki ya kwanza?" Na ukanitazama. Ungenitazama kwa hasira ningekuelewa, mfiwa ana haki ya hasira. Ulinitazama kama mtu asiyejua jibu. Nikakungoja. Kikombe cha kahawa kikanifikia, nikanywa, nikakirudisha, nikakungoja tena useme, "Alikuwa na mimi kwenye simu." Maneno matano tu. Ukainama ukaokota kokwa ya tende.

Nikasema nilipitiwa na usingizi.

Mama mpaka leo anaamini nilikuwa kwa mwanamke. Nimemwacha hivyo hivyo, maana ukimwambia bibi wa miaka sabini na kitu kwamba kaka yake alikosa kliniki kwa sababu ya Syracuse, unaanzia wapi kueleza? Na ningekutaja siku ile ningeonekana namtwika mfiwa mzigo. Nilikuhifadhi, binamu. Sasa leo mtu niliyemhifadhi anaiandikia kamati ya harusi kwamba mimi ni mtu wa kuchelewa.

Hata hivyo. Juni ile, mjomba bado yupo, Thabeet alipochaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden, mbele ya Stephen Curry, tulipiga kelele wote watatu kwenye simu moja, mzee akiuliza Memphis ni mkoa gani. Hiyo siisahau, na nadhani hata wewe. Februari iliyofuata walipomshusha ligi ya chini kule Dakota, na vijana wa kijiweni wakaanza kumcheka kana kwamba wao wamewahi kufika hata Chalinze kwa ajili ya mpira, nilitaka kukupigia. 2011 Kemba Walker, aliyekuwa mwaka wa kwanza usiku ule wa nyongeza sita, alipowabeba Connecticut mpaka ubingwa wa vyuo, nilichukua simu nikairudisha. 2014 hivyo hivyo. 2023 hivyo hivyo. 2024 walipotetea kombe lao uliweka picha kwenye grupu, umevaa jezi, tumbo limetangulia, nikaweka dole gumba. Dole gumba! Sisi.

Mchango tuma unakotaka, mdogo wako aolewe kwa heshima. Alikuwa darasa la pili tulipomzika mzee, usimchanganye na haya. Ila kuna kitu sijakwambia, na ningeweza kukaa nacho, lakini umeshaitaja 2009 mwenyewe.

Asubuhi ile nilipofika barazani nilikuwa nimeshatunga uongo wa daladala kuharibika njiani. Mzee hakunipa nafasi. Alinitazama, akasema, "Wameshinda?"

Nikabaki nimesimama.

"Alinipigia jana," akasema. "Akaniambia mnakesha na yule mrefu wetu."

Nikamwambia wamefungwa, 127 kwa 117. Akanishika bega ateremke ngazi, faili kwapani, akashuka ya kwanza, akashuka ya pili, akasimama.

"Mpira gani huo watu wanafungana mia na ishirini na saba? Kipa alikuwa wapi?"