Malalamiko kuhusu swichi ya kuwashia gari na jibu nililopewa

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Kutengeneza Magari.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KAMPUNI KUKATAA KUWAJIBIKA KWA UBOVU WA SWICHI

Idara yako ya huduma kwa wateja imeniandikia kwamba swichi ya kuwashia gari langu ilitengenezwa na msambazaji wa nje, na kwa hiyo kampuni haihusiki na ubovu wake. Siikubali hoja hiyo hata kidogo.

Gari lilizima ghafla likiwa katika mwendo, baada ya goti kugusa ufunguo. Usukani ukawa mzito na breki zikahitaji kukanyagwa kwa nguvu zote. Wakala wenu alibadilisha swichi, lakini kipuri kipya kina namba ileile ya kile kibovu, na nilipouliza kama kimeboreshwa nikaambiwa kwamba msambazaji ndiye anayejua.

Jibu hilo limenitia hofu kuliko kuzima kwenyewe, kwa kuwa yaliyowapata wateja wa General Motors yanajulikana. Swichi za Chevrolet Cobalt na magari mengine ya kampuni hiyo zilikuwa na springi dhaifu, hivyo ufunguo uliweza kurudi nyuma safarini, injini ikazima na mifuko ya hewa isifunguke ajali ilipotokea. Delphi, msambazaji wa vipuri wa kampuni hiyo, ndiyo iliyotengeneza swichi hizo, lakini vipimo viliwekwa na General Motors, na mhandisi wa General Motors ndiye aliyeidhinisha zitumike ilhali hazikufikia vipimo hivyo. Mwaka 2005 marekebisho yalipendekezwa yakakataliwa, gharama ikiwa miongoni mwa sababu, ingawa nyongeza haikufika dola 1 kwa kila swichi. Mwaka uliofuata swichi ikaboreshwa kimyakimya bila namba yake kubadilishwa, na kwa sababu hiyo wachunguzi walihangaika kwa miaka, hadi mwaka 2013 mtaalamu aliyeajiriwa na mawakili wa familia ya marehemu mmoja alipolinganisha swichi za zamani na mpya akaona kwamba hazifanani. Mfuko wa kuwafidia waathirika wa swichi hizo ulikubali madai ya vifo 124. Naomba uelewe, basi, kwa nini namba ya kipuri si jambo dogo kwangu.

Kuhusu msambazaji wenu, ni desturi ya biashara hii watengenezaji wa magari kumtaka ashushe bei mwaka hadi mwaka mkataba ukiendelea, hata pale bei ya malighafi inapopanda. Mtu aliyebanwa hivyo hana pa kupunguzia ila kwenye malighafi, majaribio na wakaguzi, au amsukumie mzigo huo msambazaji mdogo aliye chini yake. Tena, anayejua kwamba habari mbaya itampotezea mkataba atajifunza kuficha, na idara ya manunuzi inayompima kwa bei peke yake itakuwa imemfundisha hivyo. Simtetei anayeficha: Takata, msambazaji wa mifuko ya hewa ya magari, ilikiri kosa mahakamani nchini Marekani mwaka 2017 kwa kughushi takwimu za majaribio ya vifaa vya kujazia mifuko ya hewa, vilivyotumia nitrati ya amonia, kemikali ya bei nafuu inayoharibika kwa joto na unyevu. Hata hivyo, mwaka huohuo Takata ilipoomba ulinzi wa kufilisika, waliobaki na magari ya kurekebisha ni watengenezaji ambao majina yao yalikuwa kwenye magari hayo. Gari langu nalo lina jina lenu, na fedha niliwalipa ninyi.

Kwa hiyo nataka kujua kwa maandishi, kutoka kwa wahandisi wenu na si kwa msambazaji, kama swichi niliyowekewa inatofautiana na ya awali, inahitaji nguvu kiasi gani kugeuka, na ni nani katika kampuni yako aliyeidhinisha ile ya kwanza. Ikiwa hakuna kilichobadilika, ninadai swichi iliyosanifiwa upya, yenye namba mpya, kwangu na kwa kila mwenye gari la toleo hili, nao wajulishwe sasa badala ya kusubiri ajali. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa mamlaka inayosimamia usalama wa magari, na gari litabaki limeegeshwa hadi nipate majibu hayo.

Wako mwaminifu,
Mmiliki wa gari