Kwa fundi uliyempimia mwanangu kiti

Jina lako sikukuuliza siku ile, akili yangu yote ilikuwa kwa mtoto. Naomba salamu hizi zikufikie.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Kiti chake cha magurudumu cha kwanza kilimpwaya. Akiketi anaserereka mbele na kulalia ubavu mmoja kama gunia lisilojaa. Nilidhani ndiyo hali yake, nikawa namfunga kwa shuka asianguke.

Wewe hukukigusa kiti kwanza. Ulimlaza, ukamkunja magoti polepole, ukaona nyonga moja imepanda kuliko ya pili. Ukapima mapaja, mguu huu kisha ule, ukapunguza vidole viwili ili ukingo wa kiti usimbane nyuma ya goti. Halafu ukatia kiganja chini ya makalio yake, ukaniambia nami nitie: "Unausikia mfupa huu? Hapa ndipo kidonda kinapoanzia."

Ukachonga sponji kwa kisu cha mkate (nilicheka moyoni, nisamehe), ukachimba kishimo penye mfupa, na upande wa nyonga iliyopanda ukaujazia kipande. Ukamkalisha, tukangoja nusu saa, ukamwinua kuangalia ngozi. Ilikuwa imewiva. Ukachonga tena. Mara ya tatu ndipo uliporidhika.

Sasa anakaa wima, shingo imetulia, hapaliwi hovyo akila. Jana alinyoosha mkono akachukua kikombe mwenyewe.

Ahsante sana, fundi wangu.