Chasisi ya Morgan si ya mbao

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi wa bodi za malori. Niliposoma katika gazeti lenu kwamba Morgan, gari la michezo la Waingereza, lina chasisi (fremu ya chini inayobeba gari zima) ya mbao, nilicheka kwanza, kisha nikatafuta kalamu. Lori nalo lina sakafu na mbavu za mbao, lakini sijamsikia dereva akisema chasisi yake ni ya mbao. Chuma chini, mbao juu. Morgan nayo ilikuwa hivyo hivyo mpaka mwaka 2020; siku hizi chini ni alumini, bado si mbao.

Mbao zimo kwenye mifupa ya bodi. Ni za mti wa ash, ule ambao Waingereza hutengenezea mipini ya mashoka kwa sababu haukatiki ovyo. Tao la juu ya gurudumu la nyuma halichongwi kwenye gogo: mbao nyembamba tatu hupakwa gundi, hubanwa pamoja kwenye kalibu, zikikauka zimeshapinda moja kwa moja. Bati hupigiliwa baadaye. Ukimkuta fundi wa Malvern, mji wa Uingereza kilipo kiwanda cha Morgan, anapiga randa utadhani anaunda kabati.

Kosa la pili liliniuma zaidi. Mmeanza historia mwaka 1936, ilipotoka 4-4, Morgan ya kwanza ya magurudumu manne kuingia sokoni. Miaka 25 kabla ya hapo kiwanda kilikuwa tayari kinauza magari ya matatu, mawili mbele na moja nyuma; bajaji iliyogeuzwa, tuseme.

H.F.S. Morgan, mtoto wa kasisi wa Herefordshire, alijifunza ufundi kwenye karakana ya reli Swindon, akafungua gereji Malvern Link. Kigari chake cha kwanza, cha mwaka 1909, alikiunda kwa msaada wa Stephenson-Peach, mwalimu wa ufundi wa Malvern College. Mpango wake naupenda mpaka leo. Bomba moja kubwa ndilo uti wa mgongo, na propela shafti, ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini nyuma, inazunguka humo humo ndani. Nyuma kuna cheni mbili, kila moja na gia yake. Gia ni hizo mbili tu, rivasi hakuna. Ukitaka kurudi nyuma unashuka unasukuma. Mbele, kila gurudumu lina springi yake, likipanda na kushuka kwenye nguzo, na kiwanda kiliendelea na mtindo huo kwa miongo mingi.

Mwaka 1910 alipeleka magari yake kwenye maonyesho ya Olympia, London. Wanunuzi walikuwa wachache, maana kiti kilikuwa kimoja. Mwaka uliofuata akaongeza cha pili, na Harrods, duka kubwa la London, wakaliweka gari dirishani.

Kodi nayo ilimbeba. Miaka ya 1920 gari jepesi la magurudumu matatu lililipiwa kama pikipiki, pauni 4 kwa mwaka, wakati la manne lililipiwa pauni 1 kwa kila nguvu farasi. Hilo hamkuligusa kabisa.

Mwisho ni picha yenu iliyoandikwa "Morgan ya 1909". Ina viti viwili na usukani wa mviringo. Gari la 1909 lilikuwa na kiti kimoja, na liliongozwa kwa mpini kama ule wa usukani wa mashua. Naomba mrekebishe maelezo hayo.

Fundi bodi,
Tanga