Wenye usonji nasi tunanunua nyumba

Mhariri,

Naandika kuhusu ile habari yenu ya mikopo ya nyumba hapa Dar. Riba mmeongelea, madalali mmewasema, sawa, ila sisi wenye usonji (autism, ubongo wetu unapokea sauti na maongezi tofauti na wengine) hakuna aliyetugusa na tupo tunafanya kazi na kodi tunalipa.

Mwaka jana nilikuwa natafuta nyumba Mbagala. Dalali anapiga simu mara nane kwa siku, meseji hataki, nikifika saiti nakuta watu watano wanaongea kwa mpigo, jenereta linanguruma, halafu naambiwa "weka advansi leo bosi, kuna mtu anakuja jioni". Mimi kichwa changu hakiendi hivyo, nataka nisome mkataba peke yangu, nirudi usiku nisikie baa ya jirani inapiga muziki kiasi gani, ndo niamue. Benki nako afisa kaona simwangalii machoni, akamuuliza kaka yangu kama naelewa ninachosaini. Mshahara wangu jamani!

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Naomba mabenki na wizara ya ardhi waanze na vitu vidogo tu, masharti yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, mteja apewe siku kadhaa akausome mkataba nyumbani, na meseji zikubalike. Hata wengine itawasaidia, maana hiyo haraka ya dalali ndo inafanya watu walipie kiwanja kabla hawajafanya upekuzi ofisi ya ardhi, yaani kuhakikisha mwenye kiwanja ni nani.

Msomaji wenu,
Temeke