Tupeni nafasi ya kila taaluma, si ya chuo kizima tu

KWA MHARIRI,

Kila orodha ya vyuo vikuu bora duniani inapotoka, magazeti yetu, lako likiwemo, hutuandikia nambari moja: chuo fulani kimepanda, kingine kimeporomoka. Habari huishia hapo. Mimi ni mkutubi katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Kazi yangu ni kuhifadhi makala za wahadhiri na kufuatilia zinanukuliwa wapi na nani, kwa hivyo hesabu zilizo nyuma ya nambari hiyo nazifahamu. Naomba msiichapishe tena peke yake, kwa sababu watu wanaiamini na wanaitegemea kuamua mambo mazito.

Wakati wa kubadilisha machaguo ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, jirani yangu hapa Umoja alinijia jioni akiwa na gazeti mkononi. Binti yake alikuwa amechagua udaktari wa mifugo. "Mama, wewe si uko chuoni? Nimhamishe? Naona wameshuka." Nikamuuliza, mzee wangu, wameshuka katika somo gani? Hakujua, na gazeti halikumwambia. Orodha ile ilikuwa imejumlisha tiba, uhandisi, kilimo, fizikia na mengineyo ikatoa nafasi moja. Kuhusu mifugo, habari yenyewe haikuwa na hata sentensi moja. Nilimshauri aulize kama kozi inatambuliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na kama wanafunzi wana kliniki ya wanyama ya kujifunzia. Orodha za utafiti hazipimi mambo hayo.

Isitoshe, orodha zenyewe hazipimi kitu kimoja. Ile ya Shanghai, iliyoanza 2003, hutenga asilimia 30 ya alama kwa Tuzo za Nobel na nishani ya Fields ya hisabati, na asilimia 20 nyingine kwa makala zilizotoka katika majarida mawili tu, Nature na Science. Kwa upande wa wafanyakazi wa chuo, Nobel zinazohesabiwa ni za fizikia, kemia, tiba na uchumi. Ya amani haimo. Marehemu Profesa Wangari Maathai alipata shahada yake ya uzamifu katika anatomia ya mifugo hapa Nairobi mwaka 1971, akafundisha hapa hapa, na 2004 akatunukiwa Nobel ya Amani. Hata kama angekuwa bado mhadhiri siku ile alipotangazwa, alama hiyo ya wafanyakazi isingesogea.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan nacho kina orodha yake iliyoanza 2007, na hii hupima makala za utafiti peke yake: wingi wake asilimia 25, jinsi zinavyonukuliwa asilimia 35, na ubora wa hali ya juu wa utafiti asilimia 40. Baadhi ya vipimo vyake hujumlisha miaka 11. Uzuri wake ni kwamba huvipanga vyuo pia kwa nyanja 6: kilimo, tiba, uhandisi, sayansi za viumbe, sayansi asilia na sayansi za jamii. Hapo chuo chenye watafiti hodari wa kilimo huonekana, hata kama uhandisi wake ungali mchanga.

Kutenganisha nyanja si mapambo. Daktari anayeandika kuhusu malaria hutaja makala nyingi za wenzake, nao humnukuu mapema. Mwanahisabati hutaja chache, na kazi yake huenda ikakaa miaka mingi kabla ya mtu kuihitaji. Ukijumlisha hesabu ghafi, chuo chenye kitivo kikubwa cha tiba kimeshashinda kabla ya mbio kuanza. Ndiyo maana wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, katika orodha yao hulinganisha kila makala na nyingine za taaluma ileile na za mwaka uleule. Tena wana njia ya kuhesabu ambapo makala ikiandikwa na vyuo vinne, kila kimoja hupewa sehemu yake, si makala nzima. Kwetu sisi, ambao tafiti nyingi tunazifanya pamoja na vyuo vya ng'ambo, njia utakayotumia kuhesabu hubadilisha picha kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo nje ya maktaba sijasikia likizungumzwa. Makala huhesabiwa kwa chuo kulingana na anwani iliyoandikwa chini ya jina la mwandishi. Huyu ataandika jina kamili la chuo, yule kifupisho, mwingine jina la kitivo tu, na mwingine hospitali anakotibu asubuhi bila kutaja chuo popote. Hivi majuzi nilishika makala ya daktari wetu kuhusu saratani ya mlango wa kizazi. Sampuli zilikusanywa na wanafunzi wetu wa uzamili, zikapimwa katika maabara yetu, lakini anwani ni ya hospitali na jina la chuo limo katika aya ya shukrani, mwisho kabisa. Aya hiyo haiongezi alama. Nimeshinda nayo asubuhi nzima nikiandikiana barua pepe na mhariri wa jarida ili masahihisho yachapishwe, na ningali nangoja jibu. Hiyo ni makala moja. Katika taaluma ambayo idara nzima huchapisha makala chache kwa mwaka, kukosa chache tu kama hizo kunaweza kuishusha nafasi nyingi.

Na Kiswahili je? Orodha ya Taiwan haina kabisa uwanja wa lugha na fasihi. Ya Leiden ina uwanja wa sayansi za jamii na sanaa, ila makala za msingi inazohesabu ni za Kiingereza pekee. Mwenzangu wa idara ya Kiswahili anakusanya msamiati wa mafundi wa majahazi kule Lamu, mzee kwa mzee, akichora kila kipande cha chombo na kuandika jina lake kando. Akiuchapisha kwa Kiswahili, kama inavyostahili, chuo hakipati chochote humo. Nalisema hili kwa uchungu. Wakuu wa vyuo husoma nambari hiyo hiyo wanayosoma wazazi, na wakati wa kugawa fedha za utafiti idara kama yake huonekana haizalishi.

Ombi langu ni dogo, Mhariri. Orodha ijayo ikitoka, mwandishi wenu ataje ni ya nani, imehesabu nini na kwa miaka ipi, kisha aweke jedwali la nyanja, hata kama litachukua nafasi ya picha ya mahafali. Nyingi ya takwimu hizi ziko wazi kwenye mtandao. Asipozielewa, abishe hodi katika maktaba yoyote ya chuo kikuu jijini, aulize mkutubi anayeshughulikia makala za utafiti. Kwetu, akifika saa tatu asubuhi, kufikia saa sita atakuwa na jedwali lake.

Mkutubi,
Umoja, Nairobi