Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama cha Walimu wa Uigizaji

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawajibika kuwasilisha mbele yenu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaomalizika. Ilikuwa iandikwe na mimi pamoja na Katibu, lakini kwa sababu ya safari zake sehemu kubwa nimeiandika mwenyewe, usiku, baada ya madarasa.

Shughuli za kawaida mnazijua na sitawachosha nazo. Madarasa yetu manne yameendelea: la watoto wa miaka 5 hadi 8, la miaka 9 hadi 12, la vijana wa miaka 13 hadi 18, na la watu wazima, ambao mkubwa wao sasa ana miaka 74. Wanafunzi walikuwa 138 tulipofungua mwaka na 121 tulipofunga. Tulifanya warsha 3 za walimu, onyesho 1 la vijana na 1 la watu wazima, tulikarabati taa 6 za jukwaani, tulishona maleba 22, tulibadilisha mapazia na kukodi ukumbi kwa siku 9. Warsha ya sauti na pumzi ilijaa. Warsha ya kupima maendeleo ya mwanafunzi, ambayo niliiandaa mimi kwa sababu wanachama wenyewe waliiomba, ilihudhuriwa na mwezeshaji, Katibu, mimi na wanachama 4. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina.

Sasa naomba uvumilivu wenu kwa jambo ambalo limezungumzwa sana pembeni na kidogo sana vikaoni, yaani uamuzi wa Kamati Tendaji wa kusitisha onyesho la mwisho wa mwaka la darasa la miaka 5 hadi 8 na badala yake kuwaalika wazazi katika darasa la wazi. Nimepokea barua yenye saini 19 inayosema kwamba uamuzi huo ulikuwa wa mtu mmoja. Kwa kuwa mtu huyo bila shaka ni mimi, nitajibu kwa kirefu.

Kwanza, utaratibu. Wanachama tulio nao kwenye daftari ni 64, na akidi ya mkutano wa wanachama ni theluthi moja, yaani watu 22. Suala hili liliitishiwa mkutano mara mbili. Mara ya kwanza walifika 15, mara ya pili 12, na mara zote mbili tulikunywa maji, tukasubiri saa nzima, tukafunga milango. Katiba inairuhusu Kamati Tendaji kuamua pale mkutano unaposhindwa kutimiza akidi mara mbili mfululizo. Wajumbe 5 kati ya 7 walihudhuria kikao hicho. 4 waliunga mkono na 1 hakupiga kura. Nimelinganisha majina ya waliotia saini barua na daftari la mahudhurio, na ninasikitika kuripoti kwamba kati ya hao 19 ni 3 tu waliofika katika mojawapo ya mikutano ile miwili. Sitawataja majina, wenyewe wanajijua.

Pili, sababu. Waliokuwepo kwenye onyesho la mwaka juzi watakumbuka mtoto mmoja aliyepewa nafasi ya sungura mdogo. Alikuwa na sentensi moja tu. Kwa muda wote wa onyesho alisimama ukingoni mwa jukwaa akichezesha midomo kwa maneno ya wenzake wote, kwa sababu miezi mitatu ya mazoezi ilikuwa imemkaririsha tamthilia nzima, na macho yake hayakutoka kwa mwalimu aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia na karatasi mkononi. Zamu yake ilipofika akageuka, akawapa watazamaji mgongo, akamuuliza mwalimu kwa sauti iliyosikika hadi safu ya mwisho: “Niseme sasa?” Ukumbi mzima uliangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha upendo, sikatai, lakini mtoto wa miaka 6 hawezi kukipambanua kicheko cha upendo na kicheko cha dhihaka. Hakuisema ile sentensi, na muhula uliofuata hakurudi. Mwalimu aliyekuwa nyuma ya pazia na karatasi mkononi ni mimi, na ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba nimeamua jambo hili nikiwa mbali na darasa.

Wenzetu wa fani hii walilitafakari suala hili muda mrefu kabla yetu. Peter Slade wa Uingereza, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1954, alieleza kwamba uigizaji wa watoto wadogo ni kitu chenye umbo lake, kwamba wao huigiza wakienea chumba kizima, na kwamba kuwapanga mapema kwenye jukwaa linalotazamwa kutoka upande mmoja huwafundisha kujionyesha kabla hawajajifunza kuigiza. Brian Way, Mwingereza mwenzake, mwaka 1967, aliweka mpaka ambao mimi huwasomea walimu wapya wote: onyesho ni mawasiliano kati ya mwigizaji na mtazamaji, ilhali uigizaji wa darasani ni tajiriba ya yule anayeuigiza, awe anatazamwa au asitazamwe. Mtoto wa miaka 6 yuko upande wa pili wa mpaka huo. Ataingia kikamilifu katika hali ya kubuni, ataamini kwamba kiti ni mashua na kwamba mashua inavuja, lakini kumtaka wakati huohuo akumbuke kupaza sauti, kutowapa watu mgongo na kungoja zamu yake ni kumgawa vipande vitatu.

Barua ile inasema jukwaa huwapa watoto ujasiri. Huwapa baadhi yao, na kwa kawaida ni wale waliokuja nao kutoka nyumbani, ambao ndio tunaowapa nafasi kubwa. Wengine tunawafanya miti na mawingu. Naomba kila mwalimu aliye hapa ajiulize ni dakika ngapi, katika miezi mitatu ya mazoezi ya tamthilia yenye watoto 40, mti hupata kufanya jambo lolote zaidi ya kukatazwa kuzungumza.

Darasa la wazi lilikwenda hivi. Wazazi walikaa kandokando ya kuta. Mwalimu aliingia akiwa amejifunga shuka kichwani na amebeba mkoba mtupu, akawaambia watoto kwamba yeye ni tarishi aliyepoteza barua ya mfalme na kwamba hathubutu kufika ikulu mikono mitupu. Mbinu hii ya mwalimu kuingia mwenyewe ndani ya mchezo kama mhusika, na hasa mhusika mnyonge anayehitaji msaada, ilipata nguvu kupitia kazi ya Dorothy Heathcote, mwalimu wa uigizaji wa Uingereza, na uzuri wake ni kwamba mwalimu huuongoza mchezo bila kutoa amri hata moja. Watoto walimhoji, wakachora njia aliyopita, wakaunda mto kwa miili yao. Binti mmoja ambaye kwa wiki nane hakuwa ametamka neno darasani alimkaribia, akamtazama kwa huruma na kumuuliza kama ameangalia ndani ya kofia. Tarishi hakuwa na kofia. Binti akamvua shuka, akaikung'uta, akasema barua ilikuwa humu lakini imeyeyuka kwa mvua, kwa hiyo itabidi waiandike upya. Dakika 20 zilizofuata ziliongozwa na yeye. Ninakiri kwamba kufikia hapo mzazi mmoja alikuwa amemuuliza Katibu mara mbili onyesho litaanza saa ngapi, na kwamba hatukuwa tumewaandaa wazazi vya kutosha. Hilo ni kosa letu la maandalizi, na halihusiani na uzuri au ubaya wa uamuzi.

Inasemwa pia kwamba uamuzi huu umetufukuzia wanafunzi. Darasa hilo lilipungua kutoka watoto 41 hadi 33, yaani 8. Lakini chama kizima kimepoteza wanafunzi 17, na hao 9 wengine wametoka katika madarasa ambayo hayakuguswa kabisa. Sioni ni kwa hesabu gani lawama yote inaangushwa juu ya darasa la wazi, ingawa nakubali kwamba wazazi wawili waliandika wazi kwamba walikuwa wanasubiri kupiga picha.

Wapo walioutafsiri uamuzi huu kana kwamba Kamati inachukia maonyesho. Si kweli, na sera yetu kwa madarasa mengine inaonyesha hivyo. Watoto wa miaka 9 hadi 12 hupenda kanuni na hugombana zikivunjwa, na ndiyo sababu tunawafundisha kwa michezo yenye lengo moja lililo wazi, kwa njia ya Viola Spolin, mwalimu wa uigizaji wa Marekani, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1963 baada ya miaka mingi ya kufanya kazi na watoto huko Chicago na Hollywood. Mwalimu hausimamishi mchezo ili kusahihisha. Hutupa neno fupi kutoka pembeni huku mchezo ukiendelea, nao hujirekebisha wakiwa mbioni. Wanaoiita michezo hiyo kupoteza muda wakumbuke kwamba mwana wa Spolin, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa The Second City mwaka 1959, kundi la vichekesho vya papo kwa papo lililokua juu ya michezo hiyohiyo. Darasa hili linaandaa vipande vifupi na kuvionyesha kwa madarasa mengine. Vijana wana onyesho kamili mbele ya umma, kwa sababu wao tayari wanajiona wakitazamwa hata pale ambapo hakuna anayewatazama, na ni afadhali hofu hiyo ipewe kazi.

Kuhusu vijana nisisitize katazo moja ambalo nalo lilinung'unikiwa. Hatutamruhusu mwalimu kumtaka kijana wa miaka 15 alie jukwaani kwa kukumbuka msiba wa kwao. Wanaoitetea desturi hiyo humtaja Stanislavski, mwalimu wa uigizaji wa Urusi, na mbinu yake ya kumbukumbu ya hisia, lakini hawasemi kwamba Stanislavski mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 1938, aliuhamishia uzito kwenye matendo ya mwili. Kijana apewe tendo: afunge sanduku la nguo ambalo halitaki kufungika, huku anayeondoka akisubiri mlangoni. Machozi yakija, yaje yenyewe. Yasipokuja, sanduku linatosha. Tuna wajibu wa kumrudisha kila mwanafunzi nyumbani akiwa na siri zake zote.

Darasa la watu wazima halina mgogoro, ndiyo maana halitajwi na mtu. Wengi huingia wakiogopa kukariri. Tumeacha kuwakaririsha wakiwa wamekaa. Wanashika maneno wakiwa wanatembea, neno moja likiwa kwenye kiti, jingine dirishani. Watafiti Helga Noice na Tony Noice waliwafundisha uigizaji watu wa zaidi ya miaka 60 kwa wiki 4 tu na kuona nafuu katika kumbukumbu zao, wala hawakuwa wamewapa zoezi lolote la kukariri. Mwanafunzi wetu wa miaka 74 alisahau ukurasa mzima siku ya onyesho, akainua birika, akajimiminia chai ambayo haikuwemo, na wakati wa kumimina maneno yakamrudia. Watazamaji walidhani ndivyo ilivyoandikwa.

Ninarudi kwa masikitiko kwenye ada. Kati ya wanachama 64, waliolipa ada yote ni 26, waliolipa nusu ni 11, na 27 hawajalipa chochote. Kati ya saini 19 za barua niliyoitaja, 12 ni za wanachama wenye deni, na 5 kati yao wanadaiwa kwa mwaka wa pili. Nilipopiga simu, mmoja aliniambia kwamba atalipa akiona mabadiliko. Taa hazikodishwi kwa mabadiliko. Usiku wa onyesho la vijana, mwenye jenereta alikataa kuliwasha hadi alipwe, na pengo hilo nililiziba kwa fedha yangu mfukoni, fedha ambayo hadi leo sijarudishiwa wala sijaidai kwa maandishi. Nalitaja hili kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Kwa mwaka ujao, Kamati inatarajia, hali ikiruhusu, kuongeza warsha, kutafuta chumba cha kudumu, na kuangalia uwezekano wa darasa moja la mchanganyiko ambamo vijana na wazee wataigiza pamoja. Wazo la darasa hilo ni la wajumbe vijana; mimi nina mashaka nalo lakini sitalizuia. Tunatarajia pia kuwaandalia wazazi maelezo mafupi kabla ya darasa la wazi lijalo, pengine na dakika chache za picha mwishoni.

Hoja ya kutengua uamuzi wa Kamati imewasilishwa kihalali na itajadiliwa katika ajenda namba 6. Niko tayari kujibu swali lolote, na kura ikienda kinyume nitaitekeleza, ingawa itabidi mkutano huu umtaje mwalimu mwingine wa kusimama nyuma ya pazia. Ibara ya 7 inawaruhusu kupiga kura wale tu waliokamilisha ada. Mweka Hazina atakaa mlangoni na daftari la risiti wakati wa mapumziko, na amekubali kupokea malipo hadi ajenda namba 5 itakapofungwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti